Kichupa cha Marashi na Viatu vya Ijumaa

Novemba 1978. Ijumaa, saa tano asubuhi.

Chumba cha nyuma ya bucha, Edgware Road, London. Watu watatu, meza moja, na paja la kondoo likining'inia juu ya vichwa vyao kama shahidi.

Firoz, mkubwa wao, alichora nyumba kwenye karatasi ya kufungia nyama. "Mzee mwenye nyumba hutoka saa sita na nusu kwenda kula. Hurudi saa nane. Kabati la bunduki liko chumba cha vitabu. Muhiddin analijua, kalitengeneza mwenyewe."

Muhiddin, seremala wa Thornton Heath, aliutazama mchoro. Siku alizopachika bawaba za kabati hilo, mzee alimnywesha chai na kumwonyesha bunduki zake za kuwindia moja moja, kama bibi anayeonyesha picha za wajukuu.

"Tunataka moja tu," aliendelea Firoz. " Yenye kichupa."

"Kichupa cha nini?" aliuliza Matar, dereva.

"Mweleze, fundi."

Muhiddin akaeleza. Zamani bunduki ililipuliwa kwa jiwe la cheche. Cheche ikimulika, bata kesharuka. Padri mmoja wa Uskochi, mpenda bata, akaudhika. Akabuni kichupa cha chuma ubavuni mwa bunduki, umbo lake kama kichupa cha marashi. Ukikigeuza, kinadondosha chembe za unga wa kulipuka. Nyundo ikigonga, unga unalipuka papo hapo. Bata hana habari.

"Bunduki ya miaka mia na sabini, na bado ina vituko," Matar akacheka. "Kama mkwe wangu."

Muhiddin hakucheka. "Na pasipoti yangu?"

Firoz akaupapasa mfuko wa koti. Mwaka wa tatu huu alikuwa ameishikilia kama rehani ya deni. Jumanne Muhiddin alikuwa na miadi Home Office, kwa watu wa uhamiaji. Bila pasipoti angerudishwa Unguja, na huko walikuwapo waliomsubiri tangu mapinduzi.

"Bunduki mkononi, pasipoti mkononi. Na leo Ijumaa, bwana. Msikiti mzima utaapa ulisali nao."

Saa saba kasorobo.

Kufuli la mlango wa nyuma lilimtii Muhiddin. Firoz akapita na matope yake juu ya zulia la Kiajemi. Bawaba nne, skrubu kumi na sita. Kabati likaachia bila mlio. Muhiddin akaipakata bunduki. Kichupa kilikuwa kizito: mzee hukijaza unga kila mwaka, kwa mapenzi tu.

Saa saba na dakika tano.

Ufunguo ukalia mlango wa mbele. Mzee kasahau miwani! Wakachomoka.

Saa saba na robo. Ndani ya gari.

Matar alichungulia kiooni. "Sheikh, viatu vyako viko wapi?"

Muhiddin akatazama miguu. Soksi tupu. Alivivua mlangoni, akavipanga sawasawa, ncha zikitazama nje. Maisha yake yote hajakanyaga zulia la mtu na viatu.

"Viatu havisemi," alisema Firoz.

"Vyangu vinasema. Mke wangu kaandika jina langu ndani. Viatu vya Ijumaa huhama msikitini."

Firoz akamgonga Matar begani.

"Simamisha. Ashuke."

"Pasipoti yangu kwanza."

"Ukamatwe nayo, uulizwe ilikuwa kwa nani? Shuka!" Firoz akainua bunduki, akavuta nyundo, akakigeuza kichupa kwa kejeli.

"Firoz, mna unga humo!"

"Kwenye kikongwe hiki?"

Matar akakanyaga breki. Kidole kikateleza.

Risasi haikutoka. Kilipasuka kichupa. Moshi ulipotawanyika, damu ilikuwa hadi kwenye vioo, na Firoz alikuwa akihesabu vidole, havitimii. Matar alifungua mlango akakimbia, hata hakugeuka. Muhiddin akaichomoa pasipoti mfukoni mwa Firoz, akaenda kusubiri basi na soksi zake. London, nani amtazame?

Jumanne, saa nne asubuhi. Home Office.

Siku nne hakuna aliyebisha hodi kwake. Akashukuru Mungu. Kumbe akina Muhiddin si wengi mjini, na majina yao yote yalikuwa katika jengo hilihili alimojileta.

Karani akaipokea pasipoti, akaifungua, akanyanyuka. Akarudi na mtu wa suti, mfuko wa karatasi mkononi. Mtu yule akatoa viatu vyeusi, akavipanga sakafuni mbele ya Muhiddin.

"Jaribu."

Muhiddin hakuwa na haja ya kuvua. Ofisi ilikuwa na zulia, na viatu vyake vipya alikwisha kuviacha mlangoni.