Uzi Ulioliwa na Fundo

Kila jioni, akishaosha vyombo, binti wa fundi cherehani hufanya kazi za shule kwenye kona ya meza ya kukatia nguo. Jioni moja alikuwa amening'iniza kokoto kwa uzi kwenye fremu ya mlango, akiibembeza na kuhesabu. Kisha akafunga jiwe kubwa kwa uzi wa urefu uleule, akahesabu tena. Yote mawili yalikwenda na kurudi kwa muda uleule.

"Umekosea," alisema rafiki yake, waliyembandika jina la Redio, akichungulia dirishani. "Darasa zima tumepata jiwe kubwa ndilo lenye kasi."

"Mmepima wote?"

"Kiranja amepima, sisi tumeandika. Si ndiyo kugawana kazi? Futa bwana, alama hizi ndizo za kubaki klabu ya sayansi."

Binti akashika kifutio. Muhula uliopita alikuwa na jibu sahihi, akalifuta ili afanane na wenzake, akala sifuri pamoja nao. Hakuwa amesahau, wala hakuwa amejisamehe. Akamrushia Redio kifutio.

"Kaa nacho wewe."

Kesho yake mwalimu wa fizikia alipolisoma jibu lake, darasa likaangua kicheko.

"Una uhakika?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Naomba jiwe la kiranja."

Jiwe lilikuwa limeviringishiwa uzi kama kifurushi.

"Uliupima uzi lini?" binti alimuuliza kiranja.

"Kabla ya kufunga."

"Fundo limekula uzi wako. Mama hunifundisha kupima suruali baada ya kukunja pindo. Mimi nilifunga kwanza, ndipo nikapima hadi katikati ya jiwe."

Mwalimu akalifunga jiwe upya, akapima, akalibembeza kando ya kokoto aliyokuja nayo binti, nyuzi zikiwa na urefu mmoja. Yakaenda na kurudi sambamba.

"Uzi ukiwa mfupi, jiwe hukimbia. Uzito haukuhusika," alisema mwalimu. "Kiranja alikosea, lakini alipima. Ninyi wengine mmekosea bila hata kugusa uzi. Kosa likinakiliwa na darasa zima, linabaki kosa." Akamgeukia binti. "Nafasi yako klabuni ipo. Ukishapima kwa uangalifu, usifute eti kwa sababu uko peke yako. Wengine, kesho kila mtu na jiwe lake."

Redio akamrudishia kifutio chini ya dawati.

"Chukua chako, dada," alinong'ona. "Kwa mama yako hakuna kipande cha uzi?"