Mtaimbo wa Mzee Cleopa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua gereji yake pale Mbinga mjini, Egidi alikuwa na kazi moja asiyoiruka. Aliutoa mtaimbo wa marehemu baba yake nyuma ya mlango. Aliufuta kwa kitambaa chenye oili, kuanzia kwenye ncha mpaka mwisho. Kisha aliuegemeza ukutani, mahali pake pa siku zote.

Mtaimbo ule ulikuwa chuma kizito chenye ncha bapa. Kwa chuma kama hicho fundi hubinua springi za lori, husogeza gurudumu na kuachanisha vyuma vilivyoshikana. Baba yake, Mzee Cleopa, aliutumia miaka mingi chini ya malori ya kahawa. Alipokuwa mgonjwa aliwaita watoto wake wote. Kaka zake Egidi walipewa mashamba ya kahawa kule kijijini Ruanda. Egidi alipewa mtaimbo, na hakuona wivu hata siku moja.

Mke wake, Beata, alifanya kazi pamoja naye. Alimulika tochi, alichagua spana, alijua sauti ya nati inayolegea na ya nati inayokatika. Wateja walizoea kusema gereji ile ina mafundi wawili.

"Fundi ni mmoja," Beata aliwajibu. "Huyu mwingine ananishikia nyundo."

Egidi alicheka kila mara, ingawa utani wenyewe aliujua kwa moyo.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Malori ya siku hizi ni makubwa, na mtaimbo wa Mzee Cleopa ulikuwa mfupi kwayo. Egidi akafanya kile ambacho watu wa milimani hukifanya kwa jembe. Jembe likilika kwa mawe, hawalitupi. Hulipeleka kwa mchomeleaji, likaongezwa kipande cha chuma, likarudi shambani. Egidi naye alichukua kipande cha nondo ya kujengea, akakichomelea nyuma ya mtaimbo wa baba yake. Ukawa mrefu kweli. Aliupaka rangi nyeusi, akaupiga picha, akawatumia kaka zake.

Ulifanya kazi miezi minane.

Mwezi wa saba, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, dereva mmoja aitwaye Ilyasi alifika na lori lake kutoka Matiri. Bushi ya springi ya nyuma, kile kibomba kinachoshika pini, ilikuwa imekwisha. Egidi aliinua lori kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akaitoa bushi ya zamani na kuweka mpya. Ilibaki kurudisha pini. Tundu la springi na tundu la chesisi hayakuonana. Yalipishana kwa upana wa kidole gumba.

Egidi akaingiza ncha ya mtaimbo, akaanza kuvuta. Beata alilala pembeni na tochi, uso wake karibu na tundu ili aone.

"Bado kidogo," alisema. "Vuta tena."

Egidi alivuta kwa uzito wake wote. Kikasikika kishindo kimoja kikali. Egidi alianguka chali, nondo ikiwa imebaki mikononi mwake. Kipande cha mbele kiliruka. Tochi ilibingirika chini ya lori, na Beata akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Damu ilipita katikati ya vidole.

Ilyasi alisimamisha bajaji, akawakimbiza zahanati. Muuguzi Margareta alimshona Beata nyuzi nne juu ya nyusi ya kushoto. Alipomaliza, alimwonyesha Egidi kidole chake kimoja.

"Upana huu," alisema. "Kingepiga chini kwa upana huu, jicho lisingekuwepo."

Egidi alitazama kile kidole mpaka muuguzi alipokiondoa.

Walipofika nyumbani, Beata alikaa akipepeta mchele. Kisha akamwambia mumewe, "Baba Asteria, sikukatazi kazi yako. Lakini chini ya lori mimi sirudi, mpaka nijue ule mtaimbo hautanijia tena usoni."

"Nitauchomelea upya, mke wangu. Safari hii nitauchomelea vizuri."

"Ulisema vizuri hata mara ya kwanza. Na aliyeshonwa ni mimi."

Aliendelea kupepeta. Egidi alitamani agombe, apige hata sufuria. Ule utulivu wake ulimtisha.

Siku iliyofuata Egidi alifanya kazi peke yake, tochi ikiwa mdomoni. Akiangalia tundu, mkono haukufika. Mkono ukifika, tundu halionekani. Lori la Ilyasi lilibaki juu ya magogo. Mchana alichukua vile vipande viwili, akatoa mashine ya kuchomelea. Alisimama mbele yake muda mrefu, lakini hakuweza kuiwasha. Hatimaye alivifunga vipande kwenye gunia, akaenda kwa Mama Hafidha.

Mama Hafidha alikuwa na duka la vipuri na zana karibu na stendi. Wazee wake walitoka Kilwa. Baba yake alikuwa fundi wa karakana, na yeye alikua kati ya mafaili ya bei na vyuma. Hakuwa mtu wa maneno laini, lakini mafundi walimwamini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nimesikia habari za Beata. Anaonaje?"

"Anaona, mama. Tunamshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi. Lete hilo gunia."

Alivitoa vipande, akatoka navyo nje penye mwanga. Alivigeuza, akavaa miwani yake.

"Wewe unafikiri umekatika wapi?"

"Pale nilipounga. Sikuchomelea sawasawa."

"Hebu tazama."

Egidi alitazama. Kiungo chake kilikuwa kizima, kimeng'ang'ania nondo. Palipokatika ni kando yake, upana wa vidole viwili, kwenye chuma cha Mzee Cleopa. Ndani palikuwa na chembechembe kama sukari. Na sehemu moja ya mkato ilikuwa na kutu.

"Kumbe chuma cha baba kilikuwa kibovu," alisema Egidi, na roho ilimuuma kulisema.

"Chuma cha baba yako kilikuwa kizuri mno," Mama Hafidha alijibu. "Mtaimbo wa gereji hutengenezwa kwa chuma kigumu, kisha hupikwa kiwandani. Hutiwa moto kwa kipimo na kupozwa kwa kipimo. Ndiyo maana unapinda kidogo ukibanwa, halafu unarudi. Wewe umeupiga moto wa kuchomelea. Ule upishi wote umeharibika hapo kando. Palibaki pakavu kama biskuti."

"Lakini majembe tunayaunga hivihivi."

"Jembe linakata udongo. Likivunjika linaanguka miguuni. Mtaimbo umebeba nguvu ya springi ya lori zima. Ukivunjika, ile nguvu lazima iende mahali. Imekwenda kwa mkeo."

Egidi alikaa kwenye ngazi ya duka.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe," alisema Mama Hafidha. "Na hii kutu unaiona? Ufa ulikuwepo wiki nyingi kabla mtaimbo haujakatika. Nasikia unaufuta kila asubuhi."

"Kila asubuhi, mama."

"Unaufuta. Je, unautazama?"

Neno hilo lilimwingia Egidi kuliko mengine yote. Miezi minane kitambaa chake kilipita juu ya ule ufa, na yeye akili iko kwa baba yake, kwenye kumbukumbu na heshima. Rangi nyeusi aliyoipaka kwa ajili ya picha nayo ilikuwa imemsaidia kutoona.

Alipoinuka alikuwa ameamua. "Nataka mtaimbo mpya, mama. Mkubwa." Akanyoosha mkono kwenye mmoja mrefu uliopakwa rangi nyekundu inayong'aa.

"Rudisha," alisema Mama Hafidha. "Huo ni wa kung'olea mbao na misumari. Usichague kwa rangi, wewe huchagui khanga. Niambie kwanza, kazi gani?"

"Springi za malori. Na kubinua injini ikae kwenye mapedi yake ya mpira."

"Sasa tunazungumza. Kwa springi unataka urefu kama wa mita moja, na unene wa kutosha. Ukiwa mrefu, unatumia nguvu kidogo na unasimama mbali na hatari. Kwa injini unataka mfupi, unaoingia penye nafasi ndogo. Mmoja hauwezi kufanya kazi zote. Hapo ndipo mafundi mnapoanza kuungaunga."

Aliteremsha mtaimbo mweusi usio na urembo wowote, akampa.

"Upapase wote. Unasikia kiungo?"

"Hakuna."

"Lazima uwe chuma kimoja, ncha mpaka mwisho. Ukiwa na mpini wa plastiki, hakikisha chuma kimepita ndani mpaka kutokea nyuma, la sivyo usiugonge nyundo. Sasa chukua tupa."

Egidi alipitisha tupa kwenye ile nondo ya zamani. Tupa iliuma, ikatoa unga wa chuma. Akaipitisha kwenye mtaimbo mweusi. Iliteleza.

"Nondo ni chuma laini, kazi yake ni kukaa ndani ya zege," alisema Mama Hafidha. "Lakini ugumu peke yake hautoshi. Ubane hapo mezani, uvute."

Egidi aliubana kwenye jiliwa lililofungwa mezani, akavuta. Mtaimbo ulijikunja kidogo. Alipouachia, ulirudi ukanyooka kabisa. Akavuta tena, ukarudi tena. Bila kutaka, alitabasamu.

"Huo ndio upishi," alisema Mama Hafidha. "Sasa nisikilize, maana mtaimbo mzuri mikononi mwa mtu mbishi ni hatari vilevile. Usiutie moto. Usiuchomelee. Usiuvishe bomba nyuma ili kuurefusha. Ukiona unahitaji bomba, ujue umechukua mtaimbo mdogo, au jeki yako imekaa vibaya. Usimweke mtu mbele ya ncha wala kwenye njia ambayo ungerukia. Na miwani ya kazi ni miwili, ya kwako na ya Beata."

Egidi alichukua mitaimbo miwili na miwani miwili. Akiwa mlangoni alinyanyua na gunia lake.

"Na huu wa mzee, mama?"

"Kazi ya gereji umeimaliza. Mzee wako aliutumia kulisha watoto wake. Usiulazimishe kuua."

Jioni Egidi alimweleza Beata kila kitu, hata yale ya ufa na kitambaa. Hakujitetea. Beata alisikiliza, akagusa bandeji yake, akasema tu, "Haya, nitakuja kuangalia."

Kesho yake alikuja. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. Ilyasi naye alikuwepo, akihesabu siku alizopoteza.

Egidi alivaa miwani. Aliingiza ncha ya mtaimbo mweusi, akavuta. Springi ilisogea, kisha ikagoma. Matundu bado hayakuonana.

"Fundi, kuna bomba hapa," alisema Ilyasi, na kumsogezea. "Visha nyuma, tumalize."

Egidi alilipokea. Lilikuwa bomba zuri, la saizi ya mtaimbo ule. Mkono wake ulishalijua. Alitazama springi, akatazama bomba, na hakugeuka kumtazama Beata, kwa sababu alijua anatazamwa. Kisha akalilaza bomba chini.

"Jeki iko chini mno," alisema. "Tunalazimisha chuma bure."

Alitoa mtaimbo, akainua jeki kidogo, akasogeza gogo. Akarudisha ncha mahali pake, akachagua upande wa kusimama. Halafu akangoja, maana hakuwa na mtu wa kumwambia bado kidogo au tayari.

Beata alifunga khanga kiunoni. Alichukua miwani ya pili, akaivaa taratibu juu ya nyuzi zake. Akaokota tochi. Hakulala mbele ya ncha kama zamani. Alizunguka, akachuchumaa ubavuni, akamulika kutoka huko.

"Vuta," alisema. "Bado kidogo. Hapo hapo!"

Pini iliingia kwa pigo moja la nyundo.

Ilyasi aliondoka siku hiyohiyo na kahawa yake. Mtaimbo wa Mzee Cleopa, bila ile nondo, ulikwenda Ruanda, kwa kaka zake Egidi. Huko hutumika kung'olea mawe wanapochimba mashimo ya miche ya kahawa. Mwaka huu umefungua mashimo sitini.

Egidi bado hufuta mtaimbo kila asubuhi, ule mweusi. Lakini sasa huusogeza mlangoni, penye mwanga. Huugeuza polepole, na kidole chake hupita pale kitambaa kilipopita. Beata husimama kando yake na tochi, kovu dogo likionekana juu ya nyusi, akimulika kila upande mpaka mwisho.

"Umeutazama?" humwuliza.

"Nimeutazama."

"Basi tufungue gereji."