Sentimita Tisa

Mstari wa saba wa jedwali la kundi lao mtandaoni ulikuwa na kipimo ambacho Injinia hakukiandika: *Mlango wa mbele, upana, mita 0.86.* Pembeni, pale jedwali linapoonyesha nani kaandika, palikuwa na jina lake mwenyewe, saa saba na robo mchana. Saa saba na robo alikuwa jikoni anasugua sufuria.

Injinia hakuwa injinia bado. Alikuwa binti wa mwaka wa tatu chuoni, na jina hilo alipewa na baba yake, seremala, siku barua ya chuo ilipofika. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita hivyo, hata muuza mkaa. Muhula huo chuo kilifundisha kwa mtandao, kila mtu akiwa kwao. Walipangwa wanne wanne, wasanifu daraja la waenda kwa miguu juu ya korongo, bila kuonana uso kwa uso hata siku moja. Kundi lake lilikuwa na Kiranja, aliyejipa uongozi kabla hajaombwa. Kamera Mbovu, dada ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Na Mtandao, ambaye kila akiulizwa swali mtandao wake ulikatika.

Korongo lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwao Injinia, basi kazi ya kwenda kupima akatupiwa yeye. Hakwenda. Jua lilikuwa kali, na moyoni alikuwa na kinyongo: kwa nini atembee yeye na wenzake wamekaa? Aliitazama picha ya korongo, akafumba jicho moja, akaandika: *Upana, mita 11.4.* Ile nne aliiongeza ili namba ionekane imepimwa. Wenzake wakachora daraja zima juu yake.

Sasa alichukua futi ya chuma ya baba yake, ile inayojirudisha yenyewe, akaupima mlango wa mbele. Ulikuwa 0.86 kamili.

"Nani anachezea jedwali?" aliuliza kwenye grupu.

"Si mimi," alijibu Mtandao. "Mimi hata kulifungua siwezi." Hilo wote waliliamini.

Kesho yake mchana, baba amelala sebuleni baada ya kula, Injinia alisikia futi ikivutwa chumbani kwake. *Krrrr.* Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayesoma namba. *Chak.* Alipoingia hakukuta mtu, ila harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, nzito, na nyumba yao ilikuwa ya sakafu ya saruji. Jedwali lilikuwa na mistari miwili mipya: dirisha la chumbani na kitanda chake.

Siku ya tatu liliandika: *Baba, kimo, mita 1.71.* Siku iliyofuata: *1.70.*

"Suruali za watu hupungua zikifuliwa," baba alisema jioni ile huku akikunja pindo, "yangu inarefuka. Injinia, huko chuoni hili mnaliitaje?"

Alicheka peke yake. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nyumba nzima ilikuwa wao wawili tu. Injinia alitaka kucheka naye akashindwa.

Jedwali liliposoma 1.69 alikwenda kwa shangazi yake, mganga wa mtaa wa pili, mwanamke asiyependa maneno mengi wala wageni wa asubuhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Akaeleza yote. Shangazi aliichukua ile futi, akaivuta kidogo, akainusa, akairudisha taratibu isilie.

"Ulikwenda huko korongoni?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikwenda."

"Lakini uliandika."

"Niliandika, shangazi."

"Basi. Pale pana mwenyewe. Umemwandikia jini nyumba yake bila kupiga hodi, tena ukampunguzia. Naye kaja kukupunguzia yako."

"Kwa nini baba? Kosa si langu?"

"Kwani nyumba yako wewe ni nini? Ni hayo matofali?"

Injinia alianza kulia. Shangazi hakumbembeleza.

"Nenda ukapime kweli, uandike kweli, kisha uwaambie uliowadanganya kwa kinywa chako. Leo hii. Kilichopungua hakirudi, mwanangu. Nasi hatujui anapunguza mpaka wapi."

Hapa ndipo ningependa kusema alikwenda siku ile ile. Hakwenda. Alishawahi kurudia mwaka mmoja, na chuo chao hakimpi mtu nafasi ya tatu. Daraja lilitakiwa kuwasilishwa baada ya siku tatu. Kubadili upana ni kuchora upya kila kitu, na Kiranja angemla mzima. Nitasema tukishawasilisha, alijiambia. Waliwasilisha, wakapigiwa makofi kwenye skrini, baba akiwa 1.66. Nitasema matokeo yakitoka. Kila mchana alisikia futi ikilia sebuleni, akaziba masikio kwa mto, akangoja.

Matokeo yalitoka baba akiwa 1.63. Walikuwa wa kwanza darasani.

Mchana uliofuata hakuziba masikio. Alikwenda kuchungulia, na alichokiona ni baba yake amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi, na futi imenyooka kutoka kisiginoni mwake, ikapita gotini, ikapita kiunoni, ikapita kifuani palipokuwa pakipanda na kushuka, mpaka utosini, na hapakuwa na mkono ulioishika huku wala kule, ila pale utosini nywele za mvi zilikuwa zimelala chini kana kwamba kidole kizito kimezibana, na ile harufu ya udongo ilijaa sebuleni hata akahisi chembechembe zake kwenye meno, na baba akaguna usingizini kama mtoto anayevuliwa nguo, na miguu yake, Injinia akiitazama kwa macho yake mawili, ikasogea juu kidogo tu kwenye mkeka. *Chak.*

Alitoka mbio na kamba na futi ile ile, hakusimama mpaka korongoni. "Hodi," alisema. Hakujibiwa. Alifunga kamba kwenye kisiki, akashuka, akapanda ng'ambo akiivuta, akaikaza, kisha akaipima yote kipande kwa kipande. Mita 14.2. Njia ya mwongo ni fupi: daraja lao la kupigiwa makofi lingeishia hewani.

Alimwandikia mhadhiri. Jibu lilikuja kabla hajafika nyumbani: *Matokeo yameshafungwa. Mradi ujao uwe mwangalifu zaidi.* Basi. Alichokuwa akikiogopa siku zote hizo, kufelishwa, hakikuwapo tena, na baba ndiye aliyekigharamia.

Jioni aliwaita wenzake mtandaoni, akafuta 11.4 akaandika 14.2, akawaambia. Mistari yote ya nyumba yao ikatoweka mbele ya macho yake, mlango, kitanda, baba na 1.62 yake.

"Dada, hebu tulia," alisema Kiranja. "Tumeshafaulu. Unafukua kaburi la nini?"

"Tafadhali usituharibie," ilisema sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza Kamera Mbovu kusema neno tangu muhula uanze.

"Namba ile ni ya uongo," alisema Injinia. "Iacheni hii. Nawaomba. Kuna kitu kinaitazama."

Kiranja alicheka. "Ona, nimerudisha kumi na moja nukta nne. Nimeandika kwa mkono wangu, kikitaka kuniuliza kije."

*Krrrr.*

Sauti ilitoka upande wake. Kiranja aligeuka. "Mama, unapima nini humo ndani?"

Mama yake alijibu kutoka mbali, nje kabisa. "Mimi? Niko uani naanua nguo!"

*Chak.*

"Futa hiyo namba!" Injinia alipiga kelele. "Kiranja, futa sasa hivi!"

Skrini ikamwambia ameondolewa kwenye kikao. Alimpigia Kiranja simu mara sita, haikupokelewa.

Baba alimwita kutoka karakana. Alikuwa ameilaza ubavu meza yake ya kazi, ile aliyorandia mbao juu yake miaka ishirini, na msumeno mkononi.

"Meza hii imenizidi kimo," alisema, bila kumtazama usoni. "Mabega yananiuma. Nataka niipunguze miguu. Nikate ngapi?"

"Tisa, baba. Sentimita tisa."

Baba aliweka alama kwa penseli kwenye mguu wa kwanza, akasita. Akamuuliza lile swali alilozoea kumuuliza kila aliyemletea kipimo, tangu Injinia akiwa mdogo.

"Umepima au umekisia?"

"Nimehesabu siku, baba," alisema Injinia, akaushika mguu wa meza ili usitikisike.