Mgeni Mtanashati wa Bibi Zena

Kila Jumamosi asubuhi Zulfa aliosha vyombo, akafagia uwanja wa nyumba yao hapo Majengo, kisha akatandaza jamvi na kuanika korosho alizoleta mjomba wake kutoka Tunduru. Bibi Zena alikuwa akizikaanga jioni juu ya kipande cha bati, pamoja na maganda yake, mpaka mafuta makali ya ganda, yanayobabua ngozi, yaungue yaishe. Ndipo zilipobanguliwa maganda na kuliwa.

Lakini Jumamosi hii Zulfa alifagia huku macho yakiwa njiani. Jana, alipokuwa akitoka shule, alikutana na kijana mrefu, shati limenyooshwa pasi, akitabasamu vishimo vinaingia mashavuni. Alimwita "mdogo wangu", akamuuliza habari za nyumbani, na Zulfa akamweleza zote, hata jina la Mzee Muhsini, kaka yake Bibi aliyeko Tunduru. Kijana akamwahidi shule ya bweni ya bure huko Dar es Salaam. Zulfa alishapanga nguo zake kwenye begi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwanangu," Bibi Zena akaitikia.

Kijana yule wa jana alivua viatu, akachuchumaa. "Shikamoo Bibi. Mimi Alfani, mjukuu wa kaka yako Muhsini. Nimezaliwa kwenye mikorosho, nimekulia kwenye mikorosho."

"Marahaba. Mashallah, kijana mzuri kama nini. Sikujua Muhsini ana mjukuu huyu."

Alfani akaeleza habari za shule. Basi linaondoka kesho alfajiri, alisema, na nafasi imebaki moja tu.

"Ngoja basi nimpigie Muhsini," Bibi akasema.

"Babu yuko shamba, Bibi, mtandao hakuna. Kwani mimi mgeni?" Akatabasamu tena.

Bibi naye akatabasamu. "Haya. Mtoto wa nyumbani nimbishie nini?"

Zulfa aliona raha: kumbe kijana wa jana ni ndugu yao. Alfani, kuonyesha kuwa yuko kwao, akanyoosha mkono kwenye jamvi. "Korosho za nyumbani hizi, nilizikumbuka sana." Akaitupa moja kinywani, akaivunja kwa meno, ganda na yote.

Zulfa alicheka, akidhani anatania. Mara kijana akaitema, akashika mdomo, machozi yakamtoka. Midomo ikaanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta.

Zulfa akaacha kucheka. Huko Tunduru hata mtoto anayejifunza kutembea ameshapigwa kofi la mkononi kwa kupeleka korosho mbichi mdomoni.

"Bibi," akanong'ona, "huyu si wa kwetu. Jina la babu nilimwambia mimi jana."

Bibi hakupandisha sauti. "Mletee maji na sabuni anawe, maskini. Kisha kamwite mwenyekiti wa mtaa."

Kusikia mwenyekiti, kijana hakungoja hata maji. Alitoka mbio pekupeku, viatu vyake vimebaki mlangoni. Zulfa akapiga yowe, na mwenyekiti, Mzee Egidi, akamdaka kwenye kona akisaidiwa na vijana wa bodaboda. Polisi walipomhoji, walikuta wasichana wawili wakimsubiri katika nyumba ya wageni alikofikia, nao wameahidiwa shule hiyohiyo. Wazazi wao wakaja kuwachukua.

Mchana Mzee Egidi alirudi kunywa chai. "Bibi Zena, nasikia ulitaka kumkabidhi mjukuu kwa sababu ya vishimo vya mashavu."

"Ninyamazie, Egidi. Vilinilevya na mimi, na uzee wote huu."

Zulfa hakucheka. "Nisamehe, Bibi. Mimi ndiye niliyempa maneno ya kusemea."

Bibi akamvuta karibu. "Umesema kweli mapema, ndiyo maana uko hapa. Uzuri si kosa, mjukuu wangu. Mtu mzuri tumkaribishe, tumpe maji. Lakini sura haisemi mtu katoka wapi, waulize wanaomjua. Mambo ya nyumbani usimgawie mtu wa njiani. Na ukiona anakuharakisha, anakuzuia usipige hata simu moja, huyo usiende naye, hata awe mzuri namna gani."

"Nimesikia, Bibi."

"Na mimi nimesikia," Bibi akasema. "Sasa nenda ukatoe nguo begini kabla hazijajikunja. Jumatatu una shule."