Presha ya Gari la Mkunga

Gari lilisimama katikati ya barabara, saa nne asubuhi, taa nyekundu ya oili ikiwaka. Lilikuwa gari dogo la michezo, la milango miwili, lenye umri wa miaka arobaini. Mwenyewe, mkunga mstaafu, alizima injini mara tu sindano ya geji ya presha ya oili ilipolala. Kisha akaenda kituo cha polisi kuandikisha wizi.

Alidai kwamba fundi wake, aliyelihudumia gari mwezi uliopita, alichomoa pampu halisi ya oili na kufunga kuukuu. Pampu ile haipatikani tena madukani. Kufikia mchana fundi alikuwa mahabusu, na watu wa mtaa mzima walikuwa wamemwona akipita na pingu.

Inspekta aliyepewa jalada hakuwa mjuzi wa injini. Aliinamisha kichwa, akamwomba Mungu asije akamfunga asiye na hatia, halafu akaagiza gari livutwe hadi gereji na mtuhumiwa aletwe huko.

Mkunga alikuja pia, pamoja na mdogo wake wa kiume, mtu mzima aliyeishi kwake tangu afiwe na mke.

"Mimi ndiye niliyekupokea duniani," mkunga alimwambia fundi. "Siku ile ulilia kilio cha kweli. Uongo umejifunzia wapi?"

"Mama, sijaiba."

Inspekta alimfungua pingu. "Maneno baadaye. Nionyeshe."

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia; oili ilikuwa ya kutosha. Geji ya dashibodi huweza kudanganya, akaeleza, hivyo akafunga ya kwake moja kwa moja kwenye injini. Akawasha. Sindano ikapanda kidogo. Alipokanyaga mafuta, ikashuka. Akazima haraka.

"Umeona nini?" Inspekta aliuliza.

"Pampu iliyochakaa, ukikanyaga mafuta presha hupanda. Hii imeshuka. Pampu ina nguvu, afande, ila haipati cha kuvuta. Ni kama kunyonya uji kwa mrija ulioziba."

"Umezibwa na nini?"

"Tufungue tuone."

Walimwaga oili, wakalishusha bakuli la oili lililo chini ya injini. Chujio la pampu lilikuwa limesongwa na nyuzi nyekundu, laini kama mpira. Inspekta alizitoa kwa kibanio, akazitia katika mfuko wa vielelezo. Kisha akasoma namba iliyochongwa kwenye pampu. Mkunga, ambaye huandika kila kitu, alifungua kitabu cha gari. Akalinganisha namba mara mbili. Akavua miwani. Pampu ilikuwa ile ile.

"Hizi nyuzi ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Silikoni, gundi ya kuzibia. Ikipakwa nyingi, inayozidi hubanwa ndani na kukatika," alisema fundi. "Mimi siitumii. Gasketi ya kuzuia uvujaji nakata mwenyewe kwa karatasi, naigonga kwa nyundo ndogo kufuata ukingo, na ndivyo nilivyofanya hapa mwezi uliopita. Wenzangu wananiita Kobe kwa kwenda polepole hivyo."

Ukingo wa bakuli haukuwa na karatasi hata kipande. Ulikuwa mwekundu pande zote. Mtu mwingine alikuwa amelifungua baada yake.

Inspekta akamgeukia mkunga. "Nyumbani kwako nani ana silikoni nyekundu?"

Mkunga alikumbuka kichupa alichoacha fundi bomba alipoziba ufa wa sinki la jikoni mwezi uliopita. Akamtazama mdogo wake.

"Dada, ni mimi."

"Lini?" Inspekta aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita, dada alipokwenda mazishini. Gari lilikuwa linavuja oili sakafuni. Nilipaka nyingi. Nilidhani nyingi ndiyo salama."

"Ukanyamaza, mwenzako akiwekwa ndani?"

"Niliogopa kufukuzwa. Miaka mitatu nakula kwake, afande. Hata balbu haniachii nibadilishe. Kila siku kaa, pumzika. Nilitaka awashe gari lake siku moja, nimwambie nimelitengeneza mimi."

Mkunga alifunga kitabu cha gari.

"Nilidhani nakupumzisha," alisema. "Kumbe nakuzika."

Kisha akamwendea fundi, akamshika mikono iliyokuwa na alama za pingu, akamwomba radhi mbele ya askari wote. Fundi alisema yamekwisha. Alikagua beringi za injini. Hazikuwa na mkwaruzo, kwa kuwa mkunga alizima injini mapema. Akalisafisha chujio, akaukwangua ukingo hadi ukang'aa, akatandaza karatasi mpya juu yake.

"Mjomba, shika nyundo," alimwambia yule ndugu. "Gonga polepole. Leo kobe tuko wawili."

Jioni walitia oili mpya. Injini ikawaka, sindano ikapanda, na mafuta yalipokanyagwa ikazidi kupanda. Inspekta aliandika kwenye jalada kwamba hakuna wizi uliotendeka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mkunga alimpa mdogo wake ufunguo, akamwambia atangulie na gari. Yeye angerudi kwa miguu. Watu waliomwona fundi akipita na pingu walikuwa bado wameketi milangoni, na alitaka kila mmoja wao asikie kutoka kinywani mwake kwamba yeye ndiye aliyekosea.