Bendera Yenye Kiraka cha Maua

Yaliyomkuta rafiki yangu Ercilia kule Valparaíso, nchini Chile, mpaka leo hapendi kuyasimulia. Mkesha wa sikukuu ya taifa alitundika bendera dirishani mbiombio. Jirani yake, mzee Baldomero, akamcheka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wee binti, nyota ya bendera umeiweka kulia badala ya kushoto! Unatutia aibu mtaa mzima."

"Nitaigeuza nikirudi, mzee. Niache niwahi kazini!"

Kazini, kwenye jumba la makumbusho, alishuka kwenye ghala la chini kuchagua picha za mapambo ya mitaani ya mwaka 1910. Taa ilikuwa hafifu. Kwenye picha moja akauona mtaa wao, mashada ya karatasi, na nyumba yake mwenyewe. Bendera ya dirishani ilikuwa na nyota kulia, na kile kiraka cha maua alichokishona jana yake kwa kipande cha aproni yake.

Gizani nyuma yake kitambaa kikapiga pa, pa, kama kinachopeperushwa na upepo. Ghala lile halina dirisha.

Akampigia simu jirani. "Mzee, nakuomba ukaigeuze ile bendera!"

"Si umeshaigeuza mwenyewe? Nimekuona sasa hivi, ukanipungia mkono."

Ercilia akaitazama tena picha. Nyota ilikuwa kushoto, na dirishani palikuwa na mkono ulioinuliwa.