Mashine Ilisema Baba Anadanganya

Kila theluji ilipoanguka usiku, Maren Halvorsen aliamka alfajiri, akakaanga mayai na kumsubiri baba yake, Duane, aliyeendesha gari la manispaa la kusukuma theluji barabarani. Mwaka huo theluji ilianguka kama yenye kisasi na mji wao. Baba alichoka, Maren alichoka, na katika nyumba hiyo hakukuwa na mtu wa tatu wa kuwapokea.

Asubuhi moja baba hakugusa chakula.

"Naenda polisi, mwanangu. Ile jenereta iliyopotea karakana. Ufunguo ninao mimi, basi macho yote kwangu. Wanataka wanipime kwa mashine ya kupima uongo."

"Si ulale kwanza, baba?"

"Nikimaliza nitalala. Sijaiba kitu, mashine itanifanya nini?"

Maren aliporudi kutoka shule, hakumkuta. Akatembea hadi kituoni, akakaa kwenye benchi, soksi zimelowa. Alisubiri mpaka taa za nje zikawashwa. Mwishowe mlango ukafunguliwa na baba akatoka kunywa maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimefeli," alinong'ona. "Mashine imesema nadanganya. Afande Voss anasema nikikiri kwamba niliichukua, nitarudi nyumbani leo, na hakimu atanihurumia. Nisipokiri, nitafungwa miaka."

Maren alikuwa na njaa, baridi na usingizi.

"Basi sema ndiyo, baba. Sema tu, twende zetu."

Baba aliitikia kwa kichwa, akageuka kurudi ndani. Kumwona akitii upesi namna ile, Maren alishtuka.

"Baba! Kwani uliichukua?"

"Sikuichukua. Lakini nimechoka, Maren. Nimechoka kukataa."

"Usiingie basi. Nampigia shangazi."

Shangazi Renata, dada yake baba, alikuwa wakili. Alifika na buti za theluji, koti amelifunga vifungo kombo. Mpelelezi Voss alitoka kumpokea.

"Kaka yako amefeli kipimo," alisema.

"Nimesikia. Kufeli kipimo si kosa la jinai, afande. Amekamatwa?"

Voss alisita. "Bado."

"Basi anakwenda kulala. Mkiwa na maswali, mtamuuliza mbele yangu."

"Hatujamalizana naye."

"Chunguzeni, ndiyo kazi yenu." Kisha akamgeukia kaka yake. "Na wewe, kichwa maji! Tangu lini unakwenda polisi bila kuniambia?"

"Nilidhani asiye na kosa hahitaji wakili," baba alijibu kwa unyonge.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Kazini, wenzake baba walihama meza alipoketi kunywa kahawa. Maren naye alisikia minong'ono darasani, akanyamaza kwa sababu hata kugombana kunataka nguvu. Hatimaye jenereta ilipatikana mji wa jirani, kwa mfanyakazi wa zamani wa karakana aliyebaki na ufunguo wake. Voss alipiga simu kusema kesi imefungwa. Kuomba radhi hakuomba.

Jumapili hiyo shangazi alikuja na kuku wa kuoka. Maren alikula kidogo, kisha akaweka uma chini.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemwambia baba akubali."

"Na ndiye uliyemzuia," baba alisema.

"Lakini mashine ilikataa ukweli wake. Kwa nini?"

"Kwa sababu haisomi ukweli," shangazi alijibu. "Inasoma mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Mtu mwenye hofu, aliyekesha barabarani, moyo wake utaenda mbio hata akiulizwa jina lake. Ndiyo maana mahakama za jimbo letu hazipokei majibu ya mashine hiyo kama ushahidi. Polisi wanaweza kuendelea kukushuku, basi. Lakini maneno yako mwenyewe mahakama inaweza kuyapokea. Kaka angekiri, angesimama mbele ya hakimu kama mwizi, na kuyafuta maneno hayo ni kazi ngumu sana."

Aliushika mkono wa Maren.

"Umefundishwa usikane ulilofanya. Leo jifunze na hili: usikiri usilolifanya, hata uchoke vipi, maana huo nao ni uongo. Ukichoka, sema umechoka. Omba msaada, omba ukalale. Ukweli utausema kesho."

Maren akamtazama baba. Alikuwa amelala palepale mezani, na wote wawili wakaanza kuongea kwa sauti ya chini.